Mlango wa Mwenye Akiba

Maduka ya vifaa vya safari na kambi nchini Marekani huuza vitu ambavyo kila kimoja ni jibu la hofu fulani: kichujio cha maji, tochi ya kuchajiwa kwa jua, jiko dogo la gesi, blanketi jepesi la kutunza joto, na begi la kuvitia vyote ili mwenyewe aondoke nalo upesi. Si vitu vya kuchekwa. Serikali ya nchi hiyo huwashauri raia waweke galoni moja ya maji, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa kila siku, na wahenga wetu walikwisha kusema kuwa akiba haiozi. Kwamba kujiandaa ni busara, hilo halina mjadala. Lenye mjadala ni wajibu wa aliyejiandaa kwa yule ambaye hakujiandaa, au hakuwa na uwezo wa kujiandaa.

Jibu gumu lilitolewa mwaka 1974 na Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani. Aliyafananisha mataifa tajiri na mashua ya uokozi iliyozungukwa na waogeleaji, akadai kwamba kuwapandisha wote ni kuwazamisha wote. Hata kwa asiyemjua Hardin, hoja hii imejificha katika mafundisho mengi ya kujinusuru: akiba yangu ina hesabu, na hesabu hiyo ni ya watu wa nyumba yangu. Haifai kuipuuza. Mzazi mwenye maji ya siku tatu hawezi kulaumiwa kwa kuwatanguliza wanawe.

Hata hivyo, mfano wa mashua unaanzia katikati ya kisa. Hauulizi ni nani aliyeiunda mashua, wala kwa nini wengine wako majini. Tuchukue Texas. Mtandao mkuu wa umeme wa jimbo hilo umetengwa kwa makusudi na mitandao mikubwa ya nchi, ili usiingie chini ya usimamizi wa serikali kuu. Februari 2021, baridi kali iligandisha mitambo na miundombinu ya gesi ambayo haikukingwa ipasavyo. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme, na jimbo likaweza kupata kutoka nje kiasi kidogo tu. Idara yake ya afya ilihesabu vifo 246. Wamo waliouawa na hewa ya sumu baada ya jenereta, majiko ya mkaa au magari kuwashwa ndani ya nyumba na gereji. Kifaa kilikuwapo, ujuzi wa kukitumia, ambao aghalabu mtu huupata kwa mwenzake, haukuwapo.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg alichunguza joto lililoua watu zaidi ya 700 mjini Chicago Julai 1995. Alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambayo viwango vyake vya umaskini na vya wazee wanaoishi peke yao vilikaribiana. Vifo vilikuwa vingi mno katika la kwanza kuliko la pili. Maelezo yake yaliuelekea mtaa wenyewe: South Lawndale ilikuwa na maduka na watu barabarani, hivyo mzee hakuogopa kutoka nje, akapata pa kupoa na wa kumwona.

Lugha yetu inalo jambo la kusema hapa. Kutoka katika kitenzi kimoja, tegemea, tunapata kujitegemea na kutegemeana. Azimio la Arusha la 1967 liliyaweka kujitegemea na ujamaa pamoja, likikusudia taifa na kijiji kuliko mtu mmoja mmoja. Lakini watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini miaka ya 1970 wanatukumbusha kwamba kutegemeana hakuletwi kwa amri.

Kwa maoni yangu, wajibu wa mwenye akiba huanza kabla ya maafa, wakati ambapo hauna gharama kubwa. Ni kuweka maji ya mtu mmoja zaidi ya idadi ya nyumba. Kujua ni nani mtaani anayeishi peke yake, na nani anategemea mashine ya umeme ili apumue. Kumwambia jirani kwamba jenereta hukaa nje, mbali na dirisha. Kwa sisi tunaoishi ughaibuni, ambako majirani hukaa miaka bila kupigiana hodi, huenda hatua ya kwanza ikawa kujuana majina tu. Tena upo wajibu usiotoshea begini: kudai mitambo ikingwe kwa ajili ya wale ambao mshahara wao haubakizi cha kununulia akiba.

Anayengoja hodi ipigwe gizani ndipo aanze kuhesabu chupa zake, amekwisha kupanda mashua ya Hardin. Pengine hesabu yake ya usiku ule itakuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilitendeka mchana, miezi mingi nyuma, alipokuwa na nafasi ya kununua chupa moja zaidi na kumwuliza jirani hali yake.