Sikio la Maiti na Sikio la Aliye Hai

Msikilizaji ni chombo cha kupokea tu, au naye hutenda? Swali ni la wanafalsafa, lakini aliyelifungulia mlango alikuwa mhandisi wa simu.

Georg von Békésy, akifanya kazi katika maabara ya posta mjini Budapest katika miaka ya 1920, aliyapasua masikio ya maiti ili aone sauti inavyopita ndani ya koklea, ule mfereji wa mfupa uliojiviringa mithili ya konokono, ambao ukinyooshwa haufiki hata sentimita 4. Aliona wimbi likisafiri juu ya utando: sauti nyembamba huishia karibu na mlango, nzito huendelea hadi kileleni. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1961, na wanahisabati wakalieleza wimbi lile kwa milinganyo yao ya uzito wa maji, ukakamavu wa utando na msuguano.

Hesabu zilikuwa sahihi, ila zilikuwa sahihi kwa maiti. Wimbi lile lilikuwa pana na butu, ilhali aliye hai hutenganisha sauti mbili zinazokaribiana mno. Mwaka 1948 Thomas Gold, huko Cambridge, alidai kwamba ndani ya maji yale msuguano ungezima kila mtetemo mdogo, isipokuwa sikio lenyewe litie nguvu. Na likitia nguvu, huenda likatoa sauti. Hakusikilizwa, tena na mabingwa wa usikivu! Ikapita miaka 30 hata David Kemp, mjini London, alipotia kipaza sauti kidogo katika tundu la sikio, akanasa mwangwi utokao ndani.

Katika milinganyo badiliko ni dogo: pahala fulani alama ya msuguano hugeuka kuwa hasi, na kilichokuwa kikiula mwendo kikawa kinaulisha. Asije mtu akaharakisha kusema kwamba kusikiliza ni hiari, kwani chembe zifanyazo kazi hiyo hazingoji amri ya mwenyewe. Hata hivyo, kilichokosekana katika hesabu za mwanzo ndicho hasa kilichoondoka na roho, wala hapana kisu ambacho kingekionyesha.

Chembe hizo zikifa kwa kelele au uzee, kwa binadamu hazioti tena. Hapo sikio la aliye hai huanza kuzifuata hesabu za maiti. Mzee husikia sauti ya mjukuu wake, asiyabague maneno. Nao watu humpigia kelele zaidi.