Leseni na Amana ya Mpiga Eksirei

Kanuni za kinga ya mionzi humwekea kikomo mfanyakazi na mwananchi wa kawaida, lakini si mgonjwa. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi inapendekeza mfanyakazi asizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na mwananchi 1. Mgonjwa hakuwekewa kikomo kwa sababu kipimo kimoja cha CT ya tumbo, ambacho huweza kufika milisiverti 8 au zaidi, huenda ndicho kitakachomwokoa. Kinga yake ni uamuzi wa daktari kwamba picha inahitajika, na uangalifu wa anayeipiga. Basi mtu hupata wapi haki ya kupitisha mwilini mwa mwenzake kitu kisichoonekana, kisichosikika wala kuuma?

Mwanzoni swali hilo halikuulizwa. Mwanafizikia Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Mwaka 1904 Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Edison, alikufa kwa saratani iliyotokana na mionzi hiyo, baada ya kukatwa mikono. Usajili wa wataalamu ulianza Marekani mwaka 1922, chini ya chombo kinachoitwa leo ARRT. Mwombaji huhitimu mafunzo yaliyoidhinishwa, huwa na walau digrii ya miaka miwili, kisha hufanya mtihani. Ana nafasi tatu ndani ya miaka mitatu. Akifaulu, huhuisha cheti kila mwaka na kuendelea kusoma. Leseni yenyewe hutolewa na majimbo, na ajabu ni kwamba yapo yasiyoidai kabisa, ingawa mwili wa binadamu haubadiliki mpakani.

Mtihani hupima ujuzi. Uaminifu ni jambo jingine, na teknolojia imeufanya mgumu zaidi kuthibitisha. Zamani filamu ilikuwa shahidi: mionzi ikizidi, picha ilitoka nyeusi na kosa likaonekana. Kwa vipokezi vya kidijitali, mionzi ikizidi, kompyuta hurekebisha mwangaza na picha hutoka safi zaidi. Anayepunguza mionzi mno hulaumiwa kwa picha yenye chenga, anayeizidisha husifiwa. Vivyo hivyo, asiyebana mwali wa mionzi uguse sehemu inayohitajika tu huweza kuzikata kingo za picha baadaye kwenye skrini, na daktari asijue kwamba shingo ya mtoto aliyeletwa kwa ajili ya bega ilipigwa mionzi bure. Namba ya kiwango cha mionzi hubaki kwenye rekodi, lakini yafaa nini isipokaguliwa?

Hapa ndipo inapohitajika ile hali ambayo wanazuoni wa Kiislamu huiita ihsani, kutenda vyema kama anayeonwa, hata pasipo jicho la mtu. Haifundishwi kwa mhadhara. Hujengwa katika mafunzo ya hospitalini, ambako mwanafunzi hupiga picha za wagonjwa halisi chini ya msimamizi. Akimwona msimamizi akibana mwali saa nane za usiku, foleni ikiwa ndefu, anajifunza. Akimwona akiuacha wazi, anajifunza pia, na hakuna swali la mtihani litakalolifichua hilo. Kwa hiyo kumchagua msimamizi kunastahili ukali uleule wa kumpima mwanafunzi.