Paka wa Nyuma ya Tangi

Juma hili nimeombwa niandike kuhusu ule utawala ambao Mungu alimpa mwanadamu juu ya wanyama. Siwezi kuandika hayo bila kuanza na kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mnawakumbuka paka waliokuwa wamejaa hapa uwanjani miaka miwili iliyopita. Niliwahesabu jioni moja wakafika 14. Walikojoa kwenye zulia la madhabahu, wakapasua mifuko ya taka pale jikoni, na usiku wa kesha walilia mpaka wengine wakaanza kuwakemea wakidhani ni mapepo. Kamati yetu ilikaa kikao cha dakika kumi tu. Tukakubaliana tuweke sumu. Nikatumwa mimi, nikaenda.

Sikuomba juu ya jambo hilo. Nilijiambia, si ni paka tu?

Ijumaa usiku niliweka nyama. Jumapili asubuhi watoto wa Shule ya Jumapili wakamkuta paka wa kijivu amekufa nyuma ya tangi la maji, povu limemtoka mdomoni, na watoto wake watatu bado wanajaribu kunyonya. Msichana mmoja wa kama miaka saba akanishika mkono. "Mwalimu, nani amemfanyia hivi?"

"Sijui," nikamwambia. Dakika chache baadaye nilikuwa mbele nikiongoza sifa.

Biblia tunayoitumia haimtaji paka wa nyumbani, kwa hivyo hakuna mstari wa kumnyooshea mtu kidole. Lakini soma Kumbukumbu la Torati 22, pale sheria inapomzuia mtu kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Soma Kutoka 23, ambapo hata punda wa adui yako akilemewa na mzigo unatakiwa kumsaidia. Mithali 12:10 inapima haki ya mtu kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Na kule Ninawi, Mungu alipomweleza Yona sababu ya kuuhurumia mji, aliwataja na wanyama. Nikajiuliza: kama Bwana mwenyewe anatawala hivyo, mimi nilijifunza wapi utawala wa sumu?

Mtawala mzuri hushughulikia chanzo cha shida. Sisi tuliwaondoa wanaoonekana, na jambo lenyewe tukaliacha. Miezi sita haikuisha kabla paka wengine hawajaingia. Daktari wa mifugo akanieleza kwa nini. Mahali penye taka za chakula na pa kujificha, ukiondoa paka wa kwanza, wa jirani huja kuchukua nafasi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu. Hubeba mimba kama miezi miwili, na huku kwetu karibu na ikweta, mahali urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, anaweza kuzaa wakati wowote. Kwa hivyo ningeweka sumu kila mwaka mpaka nizeeke.

Alitufundisha njia nyingine. Unamtega paka kwa kizimba bila kumuumiza, anapewa dawa ya usingizi, anahasiwa, anadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha anarudishwa palepale alipotoka. Hukatwa ncha ndogo ya sikio moja akiwa bado amelala, ili asishikwe mara ya pili. Paka huyo anaendelea kulinda eneo lake na kukamata panya, lakini hazai tena. Kelele nyingi za usiku ni za kutafuta wenzi na kupigana, kwa hivyo nazo hupungua. Walio wadogo bado huzoea watu haraka, na hao hutafutiwa nyumba. Aliye mgonjwa asiyeweza kupona, daktari humlaza bila maumivu. Hilo ni tofauti na kumwacha mnyama ajikunje usiku kucha nyuma ya tangi.

Nilipoleta jambo hili kwenye ushirika wa nyumbani, ndugu mmoja aliniuliza swali zito. "Kuna mama hapa hajalipa kodi ya nyumba, na wewe unachangisha pesa za paka?" Nalichukua swali lake kwa uzito. Yesu alisema wazi kwamba mtu ana thamani kuliko shomoro. Kama shilingi ni moja tu, mpe yule mama. Lakini jameni, tulipotoa pesa za sumu kwenye mfuko uleule, hakuna aliyeuliza habari ya kodi ya mtu, hata mimi. Tulimkumbuka yule mama wakati huruma ilipoitisha pesa. Siku hiyo tulichangia yote mawili, na kodi ndiyo ilitangulia.

Dada mwingine alisema, Mungu aliwaambia viumbe waongezeke, sasa mbona tunawafunga kizazi? Nikamwambia, hawa hawakuongezeka porini. Waliongezeka kwa taka zetu, na watoto wao wengi wanakufa kwa njaa na magonjwa kabla ya kukua. Aliyewaleta kwenye hali hiyo hawezi kunawa mikono.

Na ninyi mnaowarushia paka ugali na vichwa vya omena, nawapenda, lakini neno lenu lipo pia. Ukimlisha paka asiyehasiwa na usijali yanayofuata, unalea taabu ya mwezi ujao. Huruma inataka hesabu. Sheria ya nchi yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kuwatesa, na hilo ni sawa, lakini mtu wa Mungu asingoje kutishwa na polisi.

Leo tunao paka tisa uwanjani, wote wana sikio lililokatwa. Mapipa ya taka yana vifuniko. Kuna mahali pamoja pa kulishia, mbali na jikoni, na chakula kinaondolewa kabla ya giza. Paka akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukimwona paka mgeni mwenye masikio mazima, mwambie mhudumu wa lango, usimfukuze kwa mawe.

Yule msichana ana miaka tisa sasa. Mwezi uliopita nilimwita, mama yake akiwepo, nikamwambia ni mimi niliyeweka ile nyama. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama wale watoto watatu walipona. Nikamwambia hapana, hakuna aliyepona. Sikutaka kumdanganya mara ya pili.

Mpendwa, kabla hujaweka kitu chochote mahali kiumbe kitakapokila, omba kwanza. Mimi sikuomba.