Mapumziko Yanayoipima Kazi

Mapumziko ni kusimamisha kazi kwa muda ili mwili urudishe nguvu na akili ipate nafasi ya kuitazama kazi yenyewe. Mambo haya mawili huchukuliwa kama jambo moja, lakini kila moja lina mantiki yake. Kurudisha nguvu huitumikia kazi: anayelala ili kesho aamke kulima amelala kwa ajili ya shamba. Kutafakari huihoji kazi. Jibu linaweza kuwa kwamba kazi iendelee kama ilivyokuwa, ibadilishwe, au iachwe kabisa. Ndiyo maana aina ya kwanza hupata watetezi wengi, hata miongoni mwa waajiri, na ya pili huogopwa hata na anayeihitaji.

Upande wa nguvu ndio uliochunguzwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viwanda vya silaha vya Uingereza viliendeshwa kwa zamu ndefu, mara nyingi bila kupumzika Jumapili, na miongoni mwa waliosimama kwenye mashine walikuwemo wanawake wengi. Mwaka 1915 serikali iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda hivyo, na watafiti wake wakaandika saa zilizofanywa kazi na idadi ya vitu vilivyotengenezwa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2014, mchumi John Pencavel alizichambua upya takwimu hizo. Hadi saa 49 hivi kwa wiki, saa zilipoongezeka na kazi iliyotoka iliongezeka kwa kiasi hicho hicho; kuanzia hapo nyongeza ilizidi kupungua, hata aliyefanya kazi saa 70 hakumzidi kwa kiasi cha maana aliyefanya saa 56. Saa hizo 14 ziliwala wafanyakazi miili yao bila kumfaidi yeyote, hata askari waliokuwa wakizisubiri risasi. Madhara ya namna hiyo kwa mwili yanajulikana vizuri zaidi leo: Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio yao ya pamoja ya mwaka 2021, yalionyesha kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi. Ikiwa mapumziko yanatetewa kwa sababu tu yanaongeza mazao, basi siku itakapopatikana dawa ya kumwezesha mtu kufanya kazi saa 70 bila kulegea, utetezi wote utaanguka. Mwanafalsafa Mgiriki wa kale, Aristotle, aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu cha kumi cha Maadili ya Nikomako anakataa kuyafanya mapumziko kuwa lengo, kwa kuwa mtu hupumzika ili arudi kutenda. Kisha anautenga wasaa, yaani muda ulio huru kwa ajili ya kufikiri, na kusema kwamba shughuli zote hufanywa kwa ajili yake. Mwaka 1948, Wajerumani wakiwa bado wanaijenga upya miji iliyobomolewa na vita, mwanafalsafa Josef Pieper aliirudia hoja hiyo kwa ukali zaidi: mapumziko yanayotolewa ili mtu afanye kazi vizuri zaidi, yawe mafupi au marefu, bado ni sehemu ya kazi. Pieper yuko sahihi, ingawa anakwenda mbali mno anapoacha ionekane kwamba usingizi wa mchovu ni jambo dogo. Aliyechoka sana hatafakari chochote, anasinzia.

Kati ya nguvu na tafakari ipo hali ya tatu, inayofaa kutajwa kwa sababu huzichanganya zote mbili. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908, anasimulia jinsi alivyoacha hesabu zake mjini Caen akaenda safari ya kuchunguza miamba. Mjini Coutances, alipoweka mguu kwenye kidato cha gari la abiria, ghafla uhusiano kati ya hesabu hizo na jiometri isiyo ya Euclid ulimjia wazi. Aliendelea na mazungumzo, na uthibitisho akaufanya aliporudi nyumbani. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba akili hufanya kazi ikipumzika. Kinachosahaulika ni sharti aliloliweka Poincaré mwenyewe: mwangaza wa namna hiyo humjia tu aliyetangulia kutaabika kwa makusudi, hata kama taabu hiyo ilionekana kuwa bure. Mapumziko yasiyotanguliwa na jitihada hayana cha kuiva.

Lakini Poincaré alirudi na jibu la swali lile lile alilokwenda nalo. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali alirudi na swali jingine. Mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk alimteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, madrasa yenye hadhi kubwa kuliko nyingi za zama zake, na mamia ya wanafunzi walimsikiliza. Baada ya miaka minne alianza kuichunguza nia yake. Anaeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba aliikuta haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali ilisukumwa na kutaka jina na cheo. Kwa karibu miezi sita alisitasita. Asubuhi aliamua kuondoka, jioni akabadili nia. Mwishowe ulimi ulikataa kufundisha, chakula hakikupita kooni, na matabibu wakakata tamaa. Mwishoni mwa mwaka 1095 aliondoka, akakaa Sham karibu miaka miwili, akafika Yerusalemu na Makka. Katika miaka ya kujitenga aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu kinachojulikana vema na wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1106 alikubali kufundisha tena, mjini Nishapur, na akasisitiza kwamba hakuwa amerudi alikotoka: zamani alifundisha elimu inayoleta cheo, sasa aliita watu kwenye elimu inayomfanya mtu akiache cheo. Kwa nje kazi ilikuwa ile ile.

Ghazali aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa na mali. Aliigawa, lakini alibakiza ya kuwatosha watoto wake. Wasaa wa Aristotle nao ulibebwa na watumwa. Sheria ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inapita fikra hiyo kwa mbali, kwa kuwa inaagiza mtumwa na mjakazi wapumzike sawa na bwana wao, kwa sababu bwana naye alikuwa mtumwa Misri. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilifanya mapumziko kuwa haki ya kila mtu katika kifungu cha 24, na sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Sheria hizo humfikia mwenye mwajiri. Hazifiki jikoni, ambako mapumziko ya familia siku ya sikukuu huwa ndiyo siku nzito kuliko zote kwa mama wa nyumba. Hazimfikii pia dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu, yaani malipo ya kutwa, na mwenye pikipiki kila jioni. Baadhi ya makubaliano humwachia dereva siku moja ya wiki isiyo na hesabu, ambayo kwa jina ni siku yake. Wengi huitumia kubeba abiria tangu alfajiri, kwa kuwa ndiyo siku pekee ambayo fedha yote ya kutwa hubaki mfukoni mwao.