Nani Anaichagulia Mashine Lengo Lake?

Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme akifika mwaka wa nne, haulizwi tena mkondo wa umeme ni kiasi gani; anaulizwa atautawala vipi. Chukua kiwanda cha chai cha Kericho, nchini Kenya. Majani mabichi yamemwagwa juu ya vitanda vya kunyaushia, na feni kubwa zinapuliza hewa chini yake saa nyingi mfululizo. Nguvu inayoliwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo ukiipunguza kasi kwa asilimia 20 tu, umeme unaohitajika unashuka, kinadharia, hadi karibu nusu. Ni hesabu ya kupendeza, na kijana anayeielewa ana haki ya kufurahi. Lakini tazama kile ambacho karatasi ya mtihani haikumuuliza. Kiwango cha unyevu anachopaswa kukifikia kimeshaandikwa pale juu. Kazi yake ni kukifikia haraka na kwa gharama ndogo. Kwenye kitanda cha majani mazoea hayo ya kupokea lengo bila kulihoji hayana madhara, maana lengo limewekwa na jani lenyewe na ulimi wa mnunuzi. Hatari inaanza pale mazoea yaleyale yanapotoka kiwandani na kuingia shambani.

Mwezi wa Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai Kericho. Mashine hizo zilikuwa zimechukua kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mikono na watu wanaolipwa kwa kilo. Kuchoma mali si jambo ninalolitetea. Ninachouliza ni jinsi wachumaji hao walivyoonekana, au walivyokosa kuonekana, katika hesabu iliyozileta mashine. Kila mhandisi huanza kwa kuchora mpaka: hiki ndicho mfumo, kile kiko nje. Ndani ya mpaka kuna kilo za majani, saa, mafuta, na gharama. Kinachotoka nje huhesabiwa kuwa usumbufu ambao kidhibiti kizuri hupaswa kuuzima. Basi mama aliyechuma chai miaka yote akasomesha watoto kwa kilo hizo haonekani popote kwenye mlinganyo hadi siku barabara inapofungwa, na hapo anaingia kama usumbufu. Kuchora mpaka huo ni hukumu ya kimaadili, hata kama aliyeuchora alidhani anafanya hisabati tupu.

Wapo watakaosema mhandisi ni mtumishi tu: malengo huwekwa na kampuni, Bunge na soko. Jibu hili lingetosha kama tungelikubali kila mahali, lakini hatulikubali. Nyaya zikifungwa vibaya na mtu akauawa na umeme, hakuna atakayemsamehe fundi kwa kusema alitumwa. Ni kweli kwamba kupoteza kazi si sawa na kupoteza uhai, na sidai mhandisi awe na kauli ya mwisho. Nadai jambo dogo kuliko hilo: anayejua mapema mashine itaondoa mikono mingapi ana wajibu wa kuiandika idadi hiyo palepale anapoandika umeme uliookolewa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kuchuma chai ni kazi ya kuchosha, ya kusimama kwenye mvua na kikapu mgongoni, na kuililia ni kuwatakia wengine taabu tusiyoitaka wenyewe. Nalikubali kwa moyo mmoja. Mashine inayompumzisha mtu ni neema. Ila pumziko bila riziki si pumziko, na hoja hii inasimama tu ikiwa sehemu ya kilichookolewa inamfikia aliyepumzishwa. Swali la mgao, basi, limo ndani ya swali la uhandisi.

Kericho yenyewe ina ushahidi kwamba mambo haya mawili, kazi na mgao, yanaweza kukaa kifuani mwa fundi mmoja. Gurdwara ya Masingasinga mjini humo inamuenzi Puran Singh, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1916 akiwa kijana, akafanya kazi katika karakana ya Kericho Wagon Works. Imani yake inamtaka mtu amkumbuke Mungu, achume riziki kwa kazi halali, na agawane alichochuma. Ndiyo maana jikoni mwa gurdwara mgeni yeyote hulishwa bure, awe wa dini yoyote. Kinachonivutia ni kwamba kugawana hakukuachwa kuwa sadaka ya baadaye, ya mtu aliyekwisha kutajirika. Kumewekwa bega kwa bega na kazi yenyewe, kana kwamba kazi isiyogawanwa haijakamilika. Huhitaji kuwa Singasinga kuikubali hoja hiyo. Mkristo wa Bomet na Mwislamu wa Mombasa wanayo yao inayofanana nayo.

Kwa hiyo mradi wa mwaka wa mwisho ungeweza kudai ukurasa mmoja zaidi. Baada ya michoro ya saketi na grafu za mwitikio, mwanafunzi aeleze lengo la mfumo wake liliwekwa na nani, ni akina nani walioachwa nje ya mpaka, na kilichookolewa kitakwenda wapi. Na jopo la wahadhiri limhoji juu ya ukurasa huo kwa ukali uleule linaoutumia kuhoji uthabiti wa kidhibiti chake, na alama zikatwe akishindwa kujibu.