Tunashangilia ngumi au msimamo?

Mwaka 1982 bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini alifariki baada ya kuangushwa raundi ya 14 na Ray Mancini. Vyama vya ngumi vikapunguza raundi kutoka 15 hadi 12, lakini kichwa kikabaki kuwa ndicho shabaha. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliharamisha ndondi.

Wapo Waislamu wanaohoji: mbona Muhammad Ali? Ndugu zangu, mwaka 1967 Ali alikataa kwenda kupigana Vietnam, akavuliwa ubingwa. Hapo hakurusha ngumi hata moja. Tumpende kwa msimamo ule. Anayeshangilia mwanadamu akipigwa usoni ajiulize, moyo wake unafurahia nini?