Nyumba Tuliyoiruka

Somo: Luka 22:54–62



Kasisi ameniomba niandike neno kwa ajili ya gazeti hili la mtaa, nami nilikuwa nimeazimia kuandika juu ya shukrani ya mavuno. Lakini jambo lililotokea baada ya Sala ya Jioni mwezi uliopita limenizuia. Naona hapana budi niliseme hilo, mavuno yatangoja.

Wengi wenu mlikuwapo. Wazee tulikaa nje ya kanisa tukikumbuka Jipe ya utoto wetu, na vijana wakiandika katika daftari. Tulianza pale ufukoni palipokuwa na mitumbwi, tukaifuata njia kuelekea mlimani, nyumba baada ya nyumba. Palikuwa na mama aliyebanika perege, na moshi wake ulitujulisha saa ya kutoka shule hata kabla kengele haijapigwa. Palikuwa na duka la mzee wetu Mwislamu, aliyetupimia mafuta ya taa kwa kikombe na kututumia pilau siku ya Idi. Palikuwa na nyumba ya Wasabato, ambako Jumamosi hukusikia mchi wala shoka. Na palikuwa na fundi seremala, Mlutheri, aliyekuwa wa kwanza kuezeka bati. Nyumba zetu sisi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa nyasi na mafunjo ya ziwani. Basi mvua ikinyesha watoto wote tulikimbilia kwa seremala ili tusikilize kelele za bati lake. Aliwahi kutufukuza mara moja tu, nadhani siku ambayo kichwa kilimwuma.

Tulicheka sana jioni ile. Tulikumbuka madebe yaliyopigwa usiku kuwafukuza viboko mashambani, na akina mama wa Ugweno walioteremka na mikungu ya ndizi kichwani, wakapanda tena na samaki. Sisi Waanglikana tulikuwa wachache, lakini hakuna nyumba katika njia ile ambayo sikupata kula makande yake.

Ndipo binti mmoja mwenye daftari akauliza: “Na hapa penye mgunga, katikati ya duka na seremala, mbona mmeruka? Palikuwa na nyumba ya nani?”

Wazee tukanyamaza. Mwisho nikajibu mimi, maana mwalimu huzoea kujibu. Nikasema: “Palikuwa na mtu mmoja tu, alihama zamani.” Binti akaandika “mtu mmoja,” akaendelea.

Ndugu zangu, nilisema uongo. Hakuhama. Na huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya mtu yule yule.

Tulimwita Babu wa Ng’ambo. Alizaliwa upande wa Taveta, akaoa kwetu, akajenga kwetu, na alikuwa amekaa Jipe tangu kabla sijazaliwa. Vijana wafahamu kwamba siku zile ziwa halikuwa ukuta. Ni kweli mpaka wa Tanganyika na Kenya ulipita katikati ya maji, lakini sisi tulipita juu yake kwa mtumbwi kwenda sokoni, kwenda harusini, kwenda kuzika. Ziwa ndilo lililokuwa barabara yetu kuu. Tena kumbukeni kwamba wamisionari wa CMS walipolazimika kuondoka Moshi mwaka 1892 walihamia Taveta. Kitabu cha Sala cha kwanza nilichokiona maishani kilivuka maji ndani ya mtumbwi wa mzee yule, kimefungwa katika kipande cha turubai. Kabla hatujawa na kibanda cha kusalia, Jumapili tulikusanyika barazani pake. Hapo ndipo nilipojifunza Sala ya Bwana, nikiwa nimekaa juu ya wavu uliokunjwa.

Februari 1977 serikali yetu ilifunga mpaka na Kenya, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Sababu zake ni za wakubwa, nami siziingilii hapa. Mwezi Juni wa mwaka huo nilirudi likizo kutoka Chuo cha Ualimu Korogwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina shati jeupe na kalamu mfukoni. Nikakuta kikao kimeitishwa kwa ajili ya Babu. Ilisemekana kwamba anavusha magendo usiku. Baba yangu alikuwa mgonjwa kitandani, kwa hiyo nilikwenda badala yake.

Walioendesha kikao hawakuwa watu wabaya. Walitaka tu asimame mtu mmoja anayemfahamu, aseme kwamba ni mkazi wa siku nyingi, ili maneno hayo yaandikwe na kupelekwa Same. Maana wilaya ya Mwanga ilikuwa bado haijaanzishwa, ilikuja mwaka 1979, na makao ya Wilaya ya Pare yalikuwa Same. Wakanitazama mimi, msomi. Wakauliza: “Wewe kijana, unamfahamu vizuri huyu mzee?”

Nikawaza habari ya chuo. Nikawaza kwamba jina langu likienda Same pamoja na jina la mtu wa magendo, huenda nisiwe mwalimu. Nikajibu: “Mimi niko masomoni. Mambo ya hapa siyafahamu sana.”

Sasa tusome Luka. Petro hakuhojiwa na Pilato, wala hakutishwa kwa upanga. Aliulizwa na kijakazi, penye moto, watu wakiota. Wala hakuulizwa kama Yesu ni Mwana wa Mungu. Swali hilo alikuwa amekwisha kulijibu vema mbele ya wenzake. Aliulizwa neno dogo sana: je, hukuwa pamoja naye? Ni swali la ujirani. Imani yake ilikuwa kubwa siku ya mahubiri, ikaanguka kwa swali la ujirani. Tena watu walimtambua kuwa ni Mgalilaya, kama vile kila mtu kikaoni alivyojua nimekulia katika baraza la nani. Na Luka peke yake ndiye anayetueleza kwamba Bwana aligeuka akamtazama Petro. Babu naye alinitazama. Hakukasirika. Alitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia sawasawa.

Hawakumfunga. Walichukua mtumbwi wake tu, wakaulaza kifudifudi ufukoni, na jua la miezi michache likaupasua. Binti yake alikuwa ameolewa Taveta, mahali ambapo siku ya anga safi waweza kuona moshi wa jikoni kwao. Alifiwa na mtoto mwaka uliofuata, na Babu hakwenda kuzika. Alikufa mwaka 1982. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983.

Asubuhi niliporudi chuoni, mke wake alikuja nyumbani na perege wawili waliobanikwa, wamefungwa majani. Akasema: “Babu yako amesema njia ni ndefu.” Nilipanda garimoshi Same, na nikawala samaki wale kati ya Makanya na Hedaru, maana nilikuwa na njaa. Nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu kwa heshima, na wengi wenu mmepita mikononi mwangu. Habari ya samaki wale sijamweleza mtu hata leo.

Katika Yoshua sura ya 4 Waisraeli waliamriwa kusimamisha mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani, kusudi watoto wakiuliza maana yake, wazee wajibu. Siku zote nimehubiri juu ya mawe. Sikupata kufikiri juu ya mzee ambaye mtoto ameuliza kweli, naye akajibu upuzi. Penye mgunga pale mafiga ya mama yule yapo bado, matatu, yamezungukwa na majani. Nimekwenda kuyaangalia. Njia ya mitumbwi haipo tena. Udongo umejaza ziwa, na mafunjo na matete yamefunika pale tulipokuwa tukiogelea. Anayetaka kuonyesha vijana ilikopita barabara yetu ataonyesha majani tu, asipotaja watu waliopita.

Jumapili iliyopita nilimwomba binti yule daftari. Nikafuta “mtu mmoja,” nikaandika jina lake kamili, na la mkewe, na maneno niliyoyasema kikaoni, nikatia sahihi. Kisha nikaandika barua. Binti wa Babu yu hai, ni mzee kuliko mimi, naye amejibu kwamba twende. Tutasafiri kwa njia ya Holili baada ya ibada ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao, pamoja na vijana wawili wenye daftari. Anayekumbuka neno lo lote juu ya nyumba ile, zuri au baya, aniletee kabla ya siku hiyo. Kurasa mbili bado ni tupu.